Kioo cha Duka la Pipi

Simu ya Mwanamkasi ilitetemeka mfukoni mara thelathini na moja kabla shira haijachemka, na kila ilipotetemeka alihisi kama mtu anamgonga ubavuni kwa kidole. Hakuitoa. Mikono yake ilikuwa na kazi, na hata ingekuwa haina asingeitoa, kwa sababu alijua ni lile kundi la simuni, na alijua linasema nini. Linamsema yeye.

Alikuwa mvuta sukari wa Larkmoor, bustani ya michezo iliyo pembezoni mwa Birmingham, ambako watu hulipa wapandishwe juu, wageuzwe miguu juu kichwa chini, kisha washushwe wakiwa wamepauka midomo. Wakishashuka huingia Duka la Pipi kutuliza moyo. Dukani kulikuwa na rafu za mbao nyeusi na mitungi ya kioo, na kwenye ukuta wa mwisho kabisa dirisha pana. Nyuma ya dirisha hilo ndipo aliposimama Mwanamkasi. Alimimina shira ya moto juu ya meza ya chuma, akaikunja ikipoa, akaitundika kwenye ndoano, akaivuta na kuirudisha, akaivuta na kuirudisha, mpaka rangi yake ya asali ikageuka nyeupe na kung'aa kama hariri. Watoto walibandika pua zao kwenye kioo. Wakubwa walipiga picha. Miaka minne alikuwa akitazamwa namna hiyo, na katika miaka minne hakuna hata mmoja aliyemuuliza neno, kwa kuwa kioo kilikuwa kinene.

Hilo ndilo lililomfaa. Mwanamkasi alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Kwao Wete, Pemba, babu yake alipika halua, na mkono wa babu ulipokufa ganzi ilibidi apatikane wa kushika mwiko. Akatolewa shuleni yeye, darasa la tano, iwe kwa muda. Muda ule haukwisha. Kiswahili alikisoma polepole kwa kufuatisha kidole. Kiingereza alikisema vizuri tu, maana mdomo hujifunza kwa kusikia, lakini herufi zake zilimkataa. Kazini hakuna aliyelijua hilo. Sukari haina maandishi. Aliijua kwa rangi, kwa harufu, kwa mlio wa mapovu yanapoanza kuwa mazito.

Mwezi wa Oktoba bustani ikatangaza kwamba duka litavunjwa ndani na kujengwa upya. Mchoro ukatundikwa juu ya mlango, na nakala yake ikatumwa kwa wenye tiketi za mwaka ili watoe maoni. Kuta zingekuwa nyeupe. Mitungi ingeondoka, yawekwe masanduku ya plastiki yanayotoa pipi yakibonyezwa. Kioo kingeondoka. Meza ya sukari ingeletwa katikati ya duka, juu ya jukwaa, na mvuta sukari angevaa maikrofoni shavuni na kuwasimulia watu anachofanya. Kila baada ya nusu saa angesoma kwenye skrini majina ya watoto wanaosherehekea kuzaliwa.

Meneja wa duka, Kirandeep, mwanamke mwepesi wa hatua asiyependa maneno mengi, aliwaita wafanyakazi akawaeleza wazi. Anayetaka jukwaa aandikishe jina kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili ya Novemba. Asiyetaka atapelekwa mashine za malipo.

Mashine za malipo nazo zilikuwa kusoma mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo Mwanamkasi akajikuta akigeuka huku kuna herufi, akigeuka kule kuna herufi. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka abaki na sukari yake. Basi.

Sasa hao wa kundi. Waliitwa Wana-Larkmoor, familia kama ishirini na kitu, Wakenya kwa Watanzania, ambao Jumamosi zao zote zilikwenda huko bustanini. Mwanzilishi alikuwa Fiona, muuguzi wa hospitali moja ya Edgbaston, aliyeliendesha kundi kama chama cha nyumbani kwao Kakamega: kuna mwenyekiti, ambaye ni yeye, kuna ajenda, dua ya Kikristo inafungua na ya Kiislamu inafunga, na anayechelewa mkutano anabeba sambusa mkutano ujao. Watu walijua ratiba ya matengenezo ya kila bembea kuliko wanavyojua siku za kuzaliwa za wakwe zao. Mwanamkasi aliingizwa na shangazi yake, Asmahan, aliyekuwa akiishi naye mtaa wa Alum Rock na aliyekuwa na nia njema katika kila jambo, hata yale yasiyomhusu.

Mchoro ulipotoka, kundi likapasuka pande mbili.

Upande wa zamani uliongozwa na Bethuel, mlezi wa wazee, mtu wa makamo mwenye picha za duka hilo tangu mwaka alioingia nchini. Alikuwa na picha za mitungi yote, safu kwa safu, na aliweza kukwambia lini mtungi wa tangawizi ulihamishwa kutoka rafu ya pili kwenda ya tatu na kwa nini lilikuwa kosa. Upande wa mapya uliongozwa na Cheryl, mwanafunzi wa chuo, aliyetengeneza video fupi za bustani na kulalamika kwamba dukani mle kuna giza la kaburi, simu haioni kitu.

Bethuel akaandika kwamba Cheryl hata akifikishwa mbinguni ataulizia wifi iko wapi. Cheryl akajibu, mzee, siku yako ikifika tutakuzika ndani ya ile mitungi, tukuwekee na kifuniko. Fiona akawatoza wote wawili sambusa.

Yote hayo yangekuwa kichekesho kama wasingemwingiza Mwanamkasi. Bethuel alisema kioo kibaki kwa ajili ya yule binti, mnataka kumtoa mtoto wa watu mumweke jukwaani kama ng'ombe mnadani? Cheryl akasema kinyume chake, kioo ndicho kinachomfanya aonekane kama samaki wa kufugwa, mtoeni msichana wa watu apumue, ana kipaji, dunia imwone. Kila mmoja alimtetea. Walibishana juu yake asubuhi wakiwa kwenye basi na mchana wakiwa mapumzikoni, naye alikuwa humohumo kundini, anaona kila kitu. Mara tatu alijifungia chooni kazini arekodi sauti. Mara tatu alisema, "Assalaam aleikum, mimi Mwanamkasi," akasita, akafuta.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Shangazi alimuuliza jikoni, huku akikaanga vitunguu, yeye mwenyewe anaonaje. Kabla Mwanamkasi hajameza tonge akajijibu kwamba jukwaa ni heri, mtu hapandi cheo kwa kujificha, na mama yake kule Wete atafurahi kuona picha. Mwanamkasi akainuka akaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Kadiri Ijumaa ilivyokaribia ndivyo mikono yake ilivyoanza kumsaliti. Jumatatu alivuta sukari kupita kiasi ikawa ya ungaunga. Jumanne aliikata vipande visivyolingana, na Kirandeep alipopita akavitazama, akamtazama yeye, akaendelea na njia yake.

Jumatano jioni Fiona akaitisha mkutano Perry Barr, katika ukumbi wa kanisa lililo karibu na nyumba zile mpya anakoishi. Kirandeep alialikwa, naye akaja na mchoro mkubwa, akautandaza juu ya meza mbili zilizounganishwa na kuubana kwa chupa za soda. Wakamshukuru kwa makofi matatu. Halafu wakaanza.

Walibishana saa nzima. Kiswahili kilipochemka Fiona alimgeukia Kirandeep na kumpa muhtasari wa sentensi moja, ambao kila upande uliulalamikia. Walijadili rangi ya kuta. Walijadili mitungi. Walijadili harufu, kwamba masanduku ya plastiki hayatoi harufu na duka la pipi lisilonuka ni duka la dawa. Mwanamkasi alikaa pembeni karibu na hita, mikono ameibana katikati ya magoti, akitazama viatu vya watu. Wakapiga kura ya mikono. Kumi na moja wakataka kioo, kumi na moja wakataka jukwaa.

Fiona akavua miwani. "Basi tumuulize mwenyewe," akasema. "Mwanamkasi, dadangu, ndio umekaa hapo. Jukwaa unalitaka ama hulitaki?"

Watu wote wakageuka. Maneno yalikuwepo, lakini yalikuja yote pamoja yakabanana. Akainamisha uso.

Hapo ndipo Asmahan alipofanya kosa lake. Shangazi huyo, huko Unguja na Pemba, alikuwa ametumwa mara nyingi na wanaume waliokaa barazani aingie ndani kumuuliza binti kama amemkubali mchumba. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unamwinamia binti, unamuuliza kwa upole, naye anateremsha macho asijibu, wewe unatoka unawaambia wanaume kwamba amekubali, na vigelegele vinapigwa. Hakuna binti wa heshima anayesema ndiyo kwa mdomo wake. Asmahan alimwona mpwa wake ameteremsha macho, na moyo wake ukajaa. Akasimama, akamgeukia Kirandeep, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ameridhia, ana haya tu.

Makofi yakalipuka upande wa Cheryl. Bethuel akashika kichwa. Kirandeep, aliyeonekana kupata nafuu, alitoa kalamu na karatasi yake akaanza kuandika.

Mwanamkasi aliinua uso akaiona kalamu inakwenda. Chini ya kalamu ulikuwepo ule mchoro. Dukani ulitundikwa juu sana na hakuwahi kuutazama kwa karibu, aliuogopa kwa sababu ya maandishi. Sasa ulikuwa mbele yake, mistari mitupu. Akaona kuta. Akaona mlango wa mbele. Akaona pengo jingine upande wa pili, mahali ambapo leo pana rafu, na mshale unaotoka nje kwenda kwenye foleni ya treni ya kupinduka. Akaona meza yake, mraba mdogo, katikati ya hayo mapengo mawili. Akainuka kabla hajajua kwamba ameinuka.

"Sijakubali," akasema.

Alilisema kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kiingereza. Kalamu ikasimama. Asmahan alimtazama kama mtu aliyeshikwa mkono akitia chumvi.

Cheryl akamwambia kwa upole asiogope, watu ni watu tu, yeye mwenyewe atamfundisha kuongea, wiki mbili zinatosha.

"Watu nawaogopa, kweli," Mwanamkasi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wa nyuma wasogee. "Lakini si hilo. Huu hapa mlango? Na huu?" Akaweka kidole kwenye pengo moja, kisha la pili. "Yote miwili ikifunguka, upepo unapita hapa katikati. Sukari ikipigwa na upepo inashika ngozi juu, ndani bado laini. Ukiivuta inapasuka. Siku ya mvua ndiyo kabisa, inanyonya unyevu, inakuwa gundi. Hapo hatavuta mtu. Si mimi, si mwingine."

Bethuel akapiga meza kwa furaha. "Si nilisema? Si nilisema mimi hii dizaini ni ovyo?"

"Hukusema upepo, mzee," Mwanamkasi akamjibu. "Ulisema mitungi."

Ukumbi ukacheka, na Bethuel mwenyewe akacheka kwa kuchelewa kidogo. Mwanamkasi hakucheka. Alitamani kukaa, lakini alijua akikaa hatasimama tena.

Kirandeep, aliyeshatafsiriwa na Fiona, alikuwa ameinamia mchoro. Aliponyanyuka alisema kwamba mchoro umeshapitishwa na wakubwa, na kwamba ili meza ihame zinatakiwa sababu kwa maandishi, kutoka kwa anayeifanya kazi, kabla ya Ijumaa. Ukurasa mmoja tu, akasema.

Watu wakafurahi. Ukurasa mmoja ni nini? Andika dada, tutakusaidia, leo hii, karatasi hizi hapa. Mtu akamsukumia kalamu mkononi. Mwanamkasi aliishika jinsi mtu anavyoshika kitu cha mwenziwe, akaihamisha mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akairudisha mezani.

"Njoo kesho saa moja asubuhi," akamwambia Kirandeep. "Kabla hatujafungua. Nikuonyeshe."

Walirudi Alum Rock pamoja, yeye na shangazi. Walibadilisha basi mjini, wakakaa kiti kimoja, mikoba magotini. Walipoanza kuyaona maduka ya nguo ya mtaani kwao, Asmahan akatazama nje dirishani na kusema, "Mabinti kumi na wawili nimewaulizia mimi. Hakuna hata mmoja aliyenirudisha mbele za watu."

"Nisamehe, shangazi."

Basi likasimama, likaondoka. "Kumi na wawili," Asmahan akarudia, lakini safari hii polepole, kama mtu anayewapitia mmoja mmoja, na kwa mmoja wao akakwama, hana hakika tena.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mwanamkasi alikuwa dukani tangu saa kumi na mbili. Alipika shira mbili. Ya kwanza aliimimina juu ya meza yake nyuma ya kioo. Ya pili, Kirandeep alipofika akiwa bado na koti, waliibeba wote wawili wakaimimina juu ya trei ya chuma waliyoiweka katikati ya duka. Akafungua mlango wa mbele, akafungua na ule mdogo wa stoo, hewa ya Novemba ikaingia moja kwa moja. Akavaa glavu, akampa Kirandeep glavu.

Hakuwa na haya tena, kwa sababu sukari haikumpa nafasi ya kuwa nayo. Alimwambia shika hapa, kunja, usivute bado, sasa vuta. Ile ya nyuma ya kioo ikarefuka, laini, ikaanza kumeta. Wakakimbilia ya katikati. Kirandeep akaishika na kuivuta kama alivyofundishwa sasa hivi, nayo ikalia kakaka, ikamkatikia mikononi, vipande vikaruka sakafuni mpaka chini ya rafu. Akajaribu upande wa pili, ukakatika. Akasimama na vipande viwili mkononi akiutazama mlango.

Kirandeep akafunga milango mwenyewe. Alisema sawa, ameona. Sasa Mwanamkasi aandike hivyo hivyo alivyoeleza jana, yeye ataambatanisha picha.

Mwanamkasi alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia mpaka vipande vyote vikawa fungu moja.

"Siwezi kuandika Kiingereza," akasema. "Wala kusoma. Shule niliacha darasa la tano. Kwa hiyo jukwaani yale majina siwezi, na mashine ya malipo siwezi. Ninachoweza ndicho hiki."

Kirandeep hakusema pole, jambo ambalo Mwanamkasi alimshukuru kwalo baadaye. Alivuta kiti, akatoa simu, akasema, "Basi wewe sema, mimi naandika."

Ikaandikwa barua. Mwanamkasi alisema sentensi, Kirandeep akaandika, wakasimama, wakaendelea. Ilipokwisha Kirandeep akamsomea. Ilikuwa na upepo, ilikuwa na ngozi ya sukari, ilikuwa na milango miwili. Mwishoni iliandikwa kwamba mvuta sukari anaomba kwa heshima ahamishwe kutoka katikati ya duka.

"Hapo si sawa," Mwanamkasi akasema. "Siombi nihamishwe mimi. Meza ndiyo ihamishwe. Mimi nabaki nayo."

Kirandeep akarekebisha. Akamwonya pia kwamba kioo kitaondoka hata iweje, wakubwa wameshaamua watu wawe karibu, hilo hata barua mia hazitalibadilisha. Na majina ya watoto lazima yasomwe na mtu. Atajaribu wamweke msomaji pembeni yake, lakini haahidi. Mwanamkasi alitazama dirisha lake, alama za pua za jana zikiwa bado hazijafutwa. Akauliza pa kutia jina. Jina lake alijua kuliandika, akaliandika kwa kidole kwenye simu, herufi moja moja.

Jibu lilichukua siku tisa, siku tisa ambazo hakula vizuri. Meza irudi ukutani, mbali na milango. Kioo kiondoke. Msomaji ataajiriwa, na mvuta sukari wa sasa aendelee kwa majaribio hadi Pasaka. Kundi lilipopata habari likagawanyika upya, safari hii kuhusu rangi ya ukuta ulio nyuma ya meza, na Bethuel na Cheryl, kwa mshangao wa wote, wakajikuta upande mmoja.

Duka lilifunguliwa Machi. Kuta zilikuwa nyeupe mno. Asubuhi ya kwanza Mwanamkasi alifika akakuta watu wameshasimama kando ya meza, karibu kiasi kwamba alisikia wanavyopumua, na hakukuwa na kitu kati yake na wao zaidi ya kamba ya hariri iliyofika kiunoni. Mtoto mmoja alimuuliza kama inaunguza. Akajibu inaunguza sana. Mwingine akauliza, na mwingine. Shati lilimlowa mgongoni. Msomaji wa majina alipiga maikrofoni kwa kucha, ikakoroma.

Bethuel alikuwa mbele kabisa, amekunja uso, anapiga picha mahali palipokuwa mitungi. Bila kujua alikuwa ameinama juu ya kamba, na bega lake lilikuwa limeziba taa inayoipa sukari joto. Mwanamkasi aliona upande ule wa sukari unaanza kupoteza mng'aro. Akavuta mara moja, akavuta ya pili. Pasaka ilikuwa mwezi ujao.

"Mzee Bethuel," akasema, bila kuinua macho, sauti ikafika mpaka kwa wa nyuma. "Rudi nyuma hatua mbili. Unaniharibia sukari."

Bethuel akarudi nyuma. Na wengine wote wakarudi pamoja naye.